Kwa nini hatuuzi stripi za sukari kwa rejareja

Kila masika tunaambiwa mashine zetu za kupima sukari ya damu ni mbovu, na kwamba tunauza ghali kwa kuwa stripi, vile vijiti bapa vinavyotiwa tone la damu, hatuziuzi moja moja. Juzi mzee mmoja kutoka Wete aliirudisha yake hapa dukani Chake, akasema mbele ya wateja kwamba tumemdhulumu: inampa 6 (milimoli kwa lita), akirudia papo hapo inampa 11.

Tukamwomba stripi zake. Akazitoa kwenye mfuko wa nailoni. Kichupa kimebaki kwa jirani. Walichanga pesa, wakagawana stripi. Tukazijaribu kwa maji ya kuhakiki, ambayo sukari yake inajulikana, namba ikatoka nje ya kiwango kinachoandikwa kwenye vichupa vya stripi hizo. Kwa stripi mpya, mashine ile ile ikasoma sawasawa.

Wazee wetu, kinachopima sukari ni stripi. Ndani ya ncha yake pamepakwa kimeng'enya (enzaimu) kikavu. Kwenye hizi tunazouza ni glukosi oksidezi, ambacho hutolewa kwenye kuvu aina ya Aspergillus niger. Kikikutana na damu huichagua glukosi, yaani sukari ya damu, na kuinyang'anya elektroni, na mashine huhesabu umeme mdogo unaotokana na elektroni hizo. Kimeng'enya ni protini, joto na unyevu hukiharibu. Ndiyo maana kichupa kimewekewa dawa ya kunyonya unyevu, na hufungwa mara tu stripi inapotoka. Kwa hewa yetu ya masika, ambayo hata chumvi hulowa kwenye kopo, mfuko wa nailoni haufai kitu.

Bei yetu inasemwa sana. Kichupa chetu kina lakiri, tarehe inasomeka, na hakijawahi kukaa juani. Tukikifungua tukauza kumi kumi tutapata faida zaidi, lakini mtu anaamulia sindano ya insulini, dawa ya kushusha sukari, kwa namba ile! Kuna mama alikuwa akimpunguzia mumewe insulini kwa stripi zilizolala kwenye karatasi. Hospitali walipompima, sukari ilikuwa juu mno. Yule mzee na jirani yake nao wamenunua upya, kila mmoja kichupa chake.

Tofauti ndogo, kama 8.1 na 8.7, si ubovu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu mashine itofautiane na kipimo cha maabara kwa asilimia 15 juu au chini kuanzia sukari ya 5.6. Na nawa mikono kwa sabuni, uikaushe, kwani utamu wa embe au halua ulioganda kidoleni nao hupimwa.

Mnaotaka kugawana, ulizeni zile zinazofungwa moja moja kwenye karatasi ya foili. Ni ghali kidogo, lakini hizo hugawanyika. Mwenye shaka aje na mashine pamoja na kichupa chake, tutahakiki bila malipo.