Si kila kisicho na kina ni cha "kina kifupi"

Mhariri,

Neno la Kiingereza shallow linawaponza wafasiri wa habari. Kamusi ikishatoa "-enye kina kifupi", basi, linabandikwa kila mahali: kwenye tetemeko, kwenye pumzi za mgonjwa, hata kwenye hoja ya mwanasiasa. Kabla ya kuandika, mfasiri ajiulize: je, hapa kuna kinachopimwa kutoka juu kwenda chini? Kikiwepo, "kina" kinafaa. Kisipokuwepo, atafute neno jingine.

Maji hayana taabu. "Maji ya kina kifupi" yanaeleweka, ilimradi asiandike "maji machache". Ziwa laweza kutanda hadi upeo wa macho na bado maji yakaishia magotini.

Penye hatari hasa ni matetemeko, kwa sababu kosa hugeuza habari yenyewe. Wataalamu wa matetemeko hulihesabu tetemeko kuwa la kina kifupi chanzo chake kikiwa kati ya usawa wa ardhi na kilomita 70 kwenda chini. Kutoka 70 hadi 300 ni la kina cha kati, na kutoka 300 hadi 700 ni la kina kirefu. Ukubwa ni kipimo kingine kabisa. Tetemeko la Haiti la mwaka 2010, lenye ukubwa wa 7.0, lilianzia kilomita 13 hivi tu chini ya ardhi, likaivunjavunja Port-au-Prince. Lile la mwaka 2013 chini ya Bahari ya Okhotsk, Urusi, lilifikia 8.3, lakini lilianzia kilomita 600 hivi chini, na madhara yake yakawa madogo sana. Anayeandika "tetemeko dogo" au "tetemeko la juujuu" amemtuliza msomaji pale alipopaswa kushtuka.

Kwenye habari za afya, "anapumua kwa kina kifupi" haisemeki, na "anapumua haraka" ni jambo jingine. Mtu mzima aliyetulia huvuta nusu lita ya hewa hivi kwa pumzi moja, na karibu mililita 150 huishia kwenye njia ya hewa bila kufika kwenye vifuko vya mapafu. Akivuta mililita 200 tu, zinazofika ni 50, hata ahemeke namna gani. Ndiyo maana daktari hutaja kasi peke yake na kiasi peke yake. "Anapumua juujuu" inatosha, na idadi ya pumzi kwa dakika iandikwe kando.

Matumizi mengine ya shallow ni mepesi kufasiri: usingizi mwepesi, mteremko wa taratibu, kukaanga kwa mafuta kidogo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji "kina".

Shallow linapomwangukia mtu, ni tusi la adabu. Halimwiti mjinga, linasema anajali sura, mavazi na sifa za nje, wala hana habari na kilicho ndani. Kwa hiyo kumnukuu msemaji kwamba amemwita mpinzani wake "mpumbavu" ni kumwekea mdomoni asichosema, na anayeweza kushtakiwa ni gazeti. Hoja tuite nyepesi, uchambuzi tuuite wa juujuu, na mtu tuseme "anayejali mambo ya nje tu". Maneno hayo ni mengi kwa kichwa cha habari, najua. Basi yawekwe kwenye aya ya kwanza.

Mfasiri wa habari