Malalamiko: breki shuu zisizo za gari langu na kopo la mafuta yasiyo ya breki

Kata ya Cheyo,
Manispaa ya Tabora.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KURUDISHA BREKI SHUU SETI MBILI NA MAFUTA YA BREKI, NA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Niliagiza kwenu kwa simu breki shuu seti mbili, za mbele na za nyuma, kopo moja la mafuta ya breki, plagi nne na pointi za distribyuta, vyote vya Land Rover Series III. Fedha nililipa yote kabla mzigo haujapanda basi. Plagi na pointi ni safi. Nimezifunga mwenyewe, pointi nikazitega kwenye pengo la inchi 0.015, na injini inawaka bila kubembelezwa. Kwa hilo nawashukuru. Malalamiko yangu ni kuhusu breki.

Nilipoagiza sikusema "nataka breki shuu za Land Rover" nikaishia hapo. Nilisema ni 109, yaani lile refu, injini ya petroli ya silinda nne. Nikawatumia picha ya kibati cha namba ya chesesi, na picha ya dramu, ile ngoma ya gurudumu ambayo breki shuu hukaa ndani yake, ikiwa na futi juu yake, ikionyesha inchi 11 kwa ndani. Kijana wenu akajibu kwa meseji: "Tunazo mzee, orijino kabisa." Meseji hiyo ninayo.

Boksi lililofika limebandikwa karatasi iliyoandikwa 109 kwa kalamu. Ndani yake mna breki shuu za inchi 10. Hizo ni za Land Rover fupi, 88. Mnaouza spea hizi mnajua kwamba 109 na 88 ni inchi za kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, na kwamba gari refu lilipewa breki kubwa kwa sababu linabeba uzito mkubwa. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, zile pampu ndogo za kusukuma breki shuu, na kila breki shuu inasukumwa na ya kwake. Kwenye 88 wili silinda ni moja tu. Hata mtu aliyefungua dramu mara moja maishani haziwezi kumchanganya akiziweka sakafuni pamoja.

Nilipiga simu siku ileile mzigo ulipofika. Niliyoambiwa nayaandika kama yalivyo ili uyasome wewe mwenyewe, maana sidhani kama mnayajua huko ofisini. Kwanza: "Land Rover ni Land Rover, mpe fundi azichonge zitakaa." Nilipouliza atachonga nini wakati ni ndogo kuliko dramu, nikaambiwa kwamba kama sijui gari nisiwe nanunua spea mwenyewe, nimtume fundi. Kisha nikasomewa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ni kweli najifunza, na sikuwaficha. Gari hili nimelinunua likiwa limekaa chini ya mwembe muda mrefu, nami nalifufua polepole kila Jumamosi nikiwa na mzee mmoja wa hapa Tabora aliyefanya kazi reli hadi akastaafu. Series III ilianza kutoka kiwandani mwaka 1971 na ikaendelea hadi 1985, na kwa mtu anayeanza ni gari la kujifunzia hasa: halina kompyuta, nyaya zake unaweza kuzifuata kwa kidole kutoka betri hadi taa, na karibu kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida, mradi ziwe za inchi. Lakini tazama jambo lenyewe lilivyo. Aliyepima dramu ni mwanafunzi. Aliyetuma mzigo bila kupima ni kampuni inayoishi kwa kuuza spea.

Na huo ushauri wa kuchonga naomba usitolewe kwa mteja mwingine. Breki shuu ya inchi 10 ina mkunjo wa dramu ya inchi 10. Hata kama mtu angelazimisha ikakaa ndani ya dramu ya inchi 11, ingegusa kipande cha katikati tu, sehemu kubwa ya lainingi, ule utando wa breki shuu unaosugua dramu, ikibaki hewani, na pistoni za wili silinda zingelazimika kutoka nje kupita kiasi. Wapo watakaosema Tabora ni tambarare, breki si jambo kubwa. Waje wasimame sokoni saa shule zinapotoka, baiskeli zikitokea kila upande, halafu wafikirie 109 lenye mzigo wa magunia likija na breki za kubahatisha.

Sasa mafuta. Hili ndilo lililoniudhi zaidi, ingawa bei yake ni ndogo.

Kopo mlilotuma lina stika ya "mafuta ya breki", lakini halina alama ya DOT 3 wala DOT 4, yaani madaraja ya mafuta ya breki, popote, si juu wala chini. Mzee alilitazama akasema tusilimimine kwanza. Akachukua glasi ya maji, akadondosha humo mafuta kidogo ya DOT 4 kutoka kopo lake la zamani: yakachanganyika na maji, yasionekane tena. Kwenye glasi nyingine akadondosha ya kwenu. Yalielea juu. Tukakoroga, tukaacha yatulie, yakarudi juu vilevile. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 huchanganyika na maji, na ndiyo maana hunyonya unyevu wa hewa na hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Yanayoelea namna ile kwa kawaida ni ya jamii ya madini, na raba za breki za gari hili hazikutengenezwa kwa ajili yake. Huvimba na kulainika. Pistoni zikinasa, breki hushika bila kukanyagwa. Raba zikiachia, pedeli inazama hadi chini. Tena kwenye Series III klachi nayo inasukumwa na mafuta hayohayo. Mtu angepoteza masta silinda mbili, pampu kuu ya breki na ya klachi, wili silinda zote na mipira yote, kisha aambiwe gari bovu, ni la zamani.

Sisi tulikuwa na mzee wa glasi. Mteja wenu wa Urambo au Sikonge aliyenunua kopo kama lile huenda ameshalimimina.

Kuhusu maandishi ya risiti: chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Mimi sirudishi mzigo kwa kuwa nimebadili mawazo. Narudisha kitu ambacho sikuagiza.

Kwa hiyo naomba mnitumie breki shuu za inchi 11 za 109, mbele na nyuma, zikiwa zimepimwa na kupigwa picha na futi kabla ya kufungwa. Kama hamna, semeni hamna, mnirudishie fedha yake. Fedha ya mafuta nirudishiwe kwa vyovyote. Sitaki kopo jingine kutoka kwenye shehena ileile. Nauli ya mzigo kuja Tabora na ya kuurudisha Dar es Salaam iwe juu yenu. Na makopo yale yaondolewe kwenye rafu, na walioyanunua wapigiwe simu, kwa kuwa namba zao mnazo kwenye ankara.

Mzigo nimeufunga tena kwenye boksi lake, karatasi ya "109" ikiwa mahali pake. Nasubiri mniambie niupakie basi lipi na nani ataupokea. Zikipita siku 14 tangu mpokee barua hii bila jibu, nitaipeleka pamoja na viambatisho kwenye Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nimeambatisha nakala ya risiti ya EFD, meseji za kuagiza, picha za dramu na breki shuu zikiwa na futi, na picha za glasi mbili.

Wako,

(sahihi)
Mteja, Tabora