Kwa Mwalimu, kuhusu ile riwaya

Lindi mjini

Mwalimu, sahibu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na korosho zimeanza kudondoka.

Nimefurahi kwamba unaziweka kando makala zako za historia ili uandike hadithi ya kubuni ya kisayansi. Mtaji unao: unajua kazi za zamani zilifanywaje na nani alizifanya.

Chukua Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi palipochimbwa mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale. Badilisha jambo moja tu: mifupa ile iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 haikupakiwa melini kwenda Berlin, ilibaki hapa Lindi. Mengine yote yaache yalivyokuwa. Ukiongeza na mjusi aliyefufuka, msomaji hatajua tena lipi limezaa lipi.

Halafu fuata kazi yenyewe. Zaidi ya tani 200 zilishuka bandarini, mwendo wa kilometa 60 hivi, vichwani na mabegani mwa wapagazi, maana mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Mifupa ilifungwa kwa plasta, udongo na mianzi. Sasa jiulize: ikibaki, inakaa ghala gani? Plasta hunyonya unyevu wa pwani, mianzi hutobolewa na wadudu, masika paa linavuja. Nani anamlipa mlinzi? Ukivutana na maswali hayo utapata sura nzima nzima.

Gawa daftari safu tatu: yaliyoandikwa, waliyosimulia wazee, uliyobuni wewe. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, abaki safu ya kwanza. Ukitaka msimamizi anayeficha mfupa usiku, muumbe mwingine mwenye jina lake mwenyewe. Majina ya koo za huku nayo yabadilishe. Wajukuu wapo na wanasoma.

Wanahistoria wengi huharibu kwa kueleza mno. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata usivitolee mhadhara. Mwonyeshe mpagazi anayepokea posho ya mtama, anatafuna kidogo, kisha anaufunga uliobaki kwenye pindo la nguo aupeleke nyumbani. Hapo msomaji ameshaelewa kwa nini watu walikubali mizigo ile. Tarehe ukiihitaji sana, iweke kwenye stakabadhi anayoishika mhusika.

Sura ya kwanza ikikamilika, iandike upya bila kufungua daftari, ndipo uhakiki. Kisha mpe kondakta wa basi la Lindi aniletee. Nitaisoma na penseli mkononi.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako