Risala ya Wafugaji wa Samaki Kasulu kwa Mgeni Rasmi: Bakteria Rafiki Bwawani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Halmashauri, maofisa ugani, wafugaji wenzetu, itifaki imezingatiwa. Karibu Kasulu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pakiti za bakteria rafiki sasa zinauzwa kama dawa ya kila tatizo la bwawa. Bakteria hawa wanafanya kazi, ila si kwa namna zinavyonadiwa.

Ujuzi huu umekomazwa zaidi na wafuga kambamiti. Kuanzia mwaka 2009, aina yenye sumu ya bakteria aitwaye Vibrio parahaemolyticus iliua kambamiti wachanga China, kisha Vietnam na Thailand, mara nyingi ndani ya siku 35 za kwanza. Antibayotiki zilizaa vimelea sugu, wafugaji wakazidi kutegemea bakteria rafiki Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, ambao hunyang'anyana chakula na nafasi na vimelea na kumeng'enya uchafu wa chini. Sisi hatufugi kambamiti, na kamba wa Ziwa Tanganyika ni wadogo mno, riziki ya samaki wengine. Lakini tope la bwawa la sato linaoza kwa kanuni zilezile.

Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 ina naitrojeni gramu 48. Samaki hubaki na takriban theluthi. Zaidi ya gramu 30 huishia majini, nyingi ikiwa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo anayemwaga chakula kupita kiasi hasaidiwi na pakiti yoyote.

Kuna pia suala la hesabu. Pakiti ya gramu 100 yenye bakteria bilioni 1 kwa gramu, ikimwagwa kwenye bwawa la mita za ujazo 200, inaacha bakteria 500 tu kwa mililita. Kiwango kinacholengwa ni 10,000 au zaidi. Ndiyo maana huzalishwa kwanza: pipa safi la lita 100, maji ya kisima yasiyo na klorini, molasesi (masalia mazito ya kutengeneza sukari) kilo 2, pakiti moja, na pampu ndogo ya hewa ya sola ikipuliza mfululizo kwa saa 24. Pipa likae mahali penye joto. Katika baridi ya Juni na Julai kazi hupungua kasi. Harufu nzuri ni ya uchachu mtamu. Ikinuka yai viza, hewa haikutosha na bakteria wageni wameshika pipa: mwaga mbali na bwawa, osha, anza upya.

Mchanganyiko humwagwa saa 3 au 4 asubuhi, jua likiwa limeanza kuongeza oksijeni, na hurudiwa kila wiki. Usimwage jioni. Bakteria nao wanapumua, na oksijeni ya bwawa hufikia kiwango cha chini kabisa alfajiri. Hapo ndipo samaki huonekana wakihema juu ya maji, na mwenye bwawa akalaumu pakiti. Kwa sababu hiyo hiyo, mtindo wa kurundika molasesi bwawani ili bakteria watumie amonia hatuushauri kwa asiye na mashine ya hewa.

Nitraiti, sumu inayotokana na amonia, ikipanda, matamvua ya samaki huwa ya kahawia. Hapo Bacillus si jibu la haraka. Punguza chakula, badili sehemu ya maji, na tumia chumvi, ambayo kwa bahati tunaipata Uvinza: kilo 33 kwenye mita za ujazo 200 hutoa kloridi takriban miligramu 100 kwa lita, nayo huzuia nitraiti kuingia kwenye damu. Anayeweka antibayotiki na bakteria katika wiki ileile ameua alichonunua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba mambo matatu. Kwanza, pakiti zinazouzwa wilayani zikaguliwe. Nyingine hazina jina la bakteria, idadi kwa gramu, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Pili, ofisi ya ugani ipatiwe kipima oksijeni na vipimo vya amonia na nitraiti, vizunguke kwenye mabwawa kwa zamu. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, Chuo cha Uvuvi cha FETA (Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi) kilichopo Kibirizi, Kigoma, kiombwe kutoa mafunzo ya kuzalisha bakteria kwa vitendo, kwenye pipa, si darasani tu.

Tunaomba kuwasilisha.