Geti limekula "ha"

Kaka,

Salama huko? Huku Tanga sote wazima, ila mwenzio nilikuwa na kinyongo tangu lile gemu letu la kupigana risasi mtandaoni Jumamosi. Nilikuuliza yule jamaa wa dirishani bado yupo, nikasikia "yupo". Nikajibanza nyuma ya pipa dakika nzima namvizia, kumbe alishazunguka zamani, akanimaliza kwa mgongoni. Wewe ukaapa ulisema "hayupo". Basi nimesikiliza tena rekodi ya mechi, na naomba radhi: kuna kapumzi kadogo kabla ya "yupo". Hiyo "ha" imeliwa na geti la kelele, ule mlango wa programu unaozuia kelele zisiingie kwenye maiki.

Geti halijui maneno, linajua nguvu ya sauti tu. Sauti ikiwa chini ya kiwango ulichoweka, maiki inafungwa, ikipanda, inafunguka. Wewe kwa kuogopa feni isisikike umekiweka juu mno, na "ha" ni pumzi, haina ubavu wa kusukuma mlango. Tena sisi ukanushi wetu mwingi umekaa pale pale mlangoni, mwanzoni mwa neno: ha-, hu-, si-. Ukikatwa silabi moja, habari imegeuka.

Washa feni, kaa kimya. Fungua mipangilio ya sauti ya Discord, ile programu tunayoongelea tukicheza, zima ile sehemu inayojipangia kiwango yenyewe, halafu tazama mstari unaochezacheza. Feni yangu ilikuwa inafika kama desibeli -55, nikaweka alama kwenye -50. Sasa ongea, lakini kwa sauti yako ya saa sita usiku, watoto wamelala. Kila mtu akijaribu maiki hupaza sauti kama kondakta anayeita abiria, mechini anarudi kunong'ona.

Halafu umewasha Krisp, kile kichuja kelele cha ndani ya Discord, na programu ya hedfoni nayo inachuja kelele kivyake. Cha pili kikikosa kelele ya kuchuja kinaanza kukutafuna wewe, ndiyo maana wenzetu wanauliza kama umeinamia ndoo. Bakiza kimoja. Na maiki usiing'ate. Iweke pembeni ya mdomo, vidole viwili hivi, zile "p" na "b" zisitupigie ngoma.

Kuhusu kusikia hatua za adui: fungua ikwalaiza, pale pa kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, shusha besi. Najua unaipenda, lakini bomu likilipuka mngurumo wa chini unafunika kila kitu. Kiatu kikigusa sakafu, ule mlio mkavu unaokustua unakaa zaidi kwenye masafa ya juu kidogo, Hz 2,000 hadi 4,000. Pandisha hapo desibeli 3, basi. Mimi kwa tamaa nilipandisha 10, kila risasi ikawa sindano sikioni, nikalala na kichwa kinauma.

Msalimie shemeji. Ijumaa saa tatu usiku nipo. Kabla hatujaanza utaniambia "hayupo" mara tatu, polepole, na feni ikiwa inazunguka. Nikisikia "yupo" hata mara moja, tunacheza bao.

Swahiba wako