Risala ya Skauti wa Shule Yetu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mwanzilishi, 22 Februari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Kamishna wa Skauti wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na skauti wenzetu: itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuja kuadhimisha nasi siku aliyozaliwa mwanzilishi wetu, Robert Baden-Powell, mwaka 1857. Punde utawavisha nembo ya skauti wadogo zetu wa kidato cha kwanza wanaoapishwa leo. Risala yetu ya mwaka huu inahusu nembo hiyo, ili unapoiweka kifuani mwa mtoto ujue unamkabidhi nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ua jeupe la katikati ni yungiyungi. Katika dira na ramani za zamani ua hilo lilichorwa kuonyesha kaskazini, na hiyo ndiyo sababu Baden-Powell alilichagua: anayelivaa ajue aendako, aweze pia kumwonyesha mwingine njia. Aliwapa kwanza askari wake wa upelelezi, kisha mwaka 1907 wavulana wa kambi ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wakatokea watu waliosema ile ni ncha ya mkuki, alama ya kumwaga damu. Yeye akajibu kuwa ni ua la amani na usafi. Tunalisema hili kwa sababu hata hapa kwetu wapo wazazi wanaowazuia watoto kujiunga wakidhani skauti ni jeshi. Gwaride tunalipenda, na leo umeliona. Lakini wazazi wetu, tunachofundishwa baada ya gwaride ni kumhudumia mtu.

Petali tatu ni ahadi yetu: wajibu kwa Mungu, kwa wengine na kwa nafsi zetu. Nyota mbili ni ukweli na maarifa, na ncha zake kumi ni kanuni kumi za skauti. Rangi ya zambarau ni ya uongozi na kusaidia wengine.

Kinachotugusa zaidi ni kamba inayozunguka ua. Ni umoja wa skauti duniani, ambao sasa ni zaidi ya milioni 50. Itazame chini, Mheshimiwa, utaona imefungwa fundo. Ncha ya kulia hupita juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ya kulia. Ukizivuta, fundo linazidi kukaza. Ndilo fundo la kwanza analojifunza skauti, na ndilo la kufungia bandeji, kwa kuwa hulala bapa na halimuumizi mgonjwa. Muhula uliopita mwanafunzi alivunjika mkono uwanjani. Mwenzetu wa kidato cha pili alivua skafu yake, akaukunja ule mkono taratibu hadi kifuani, akaufunga kwa fundo hilo hilo, akakaa naye akimtuliza mpaka gari likafika. Skafu kama hiyo ndiyo uliyovishwa pale getini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Wakati wa kiapo utatuona tumeinua vidole vitatu, dole gumba likiwa limekilalia kidole kidogo. Maana yake mwenye nguvu amlinde mnyonge. Kwetu hili ni agizo la kila siku: kila anayeapishwa leo amekabidhiwa kaka au dada wa kidato cha tatu, wa kumfuata akikwama kwenye masomo au akiona aibu kumwambia mwalimu jambo. Tumeona watoto waliokuwa watoro wakirudi darasani kwa sababu tu kuna mtu aliyeuliza walikuwa wapi.

Hata hivyo, sisi wenyewe tunahitaji wa kutulinda. Mwalimu mlezi wetu ni mmoja, ana vipindi vyake, na Jumamosi zake anatupa sisi. Tunampenda sana na tunaona anavyochoka.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, utusaidie kuwahamasisha watu wazima wa wilaya hii, mafundi, wauguzi, wakulima na wastaafu, wajitolee kuwa walezi na wapatiwe mafunzo ya uongozi wa skauti. Hili tunalitanguliza mbele ya fedha. Pili, tunaomba kamba na mahema. Kamba tulizonazo zimechakaa. Tatu, tunaomba utuunge mkono tufike Nyeri, Kenya, alikozikwa mwanzilishi wetu mwaka 1941. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kueleza kwamba amekwenda nyumbani. Tungependa wadogo zetu waione kwa macho yao.

Vijana unaowavisha nembo wameshajipanga upande wako wa kulia, Mheshimiwa.

Uwe tayari! Tunaomba kuwasilisha.