Nyambizi ya remoti isizamishwe kwa pupa

Mhariri, naomba nafasi kidogo, kuna vijana wa mtaani kwetu wanaunda nyambizi za remoti na nawaonea huruma kweli, mtu anahangaika miezi halafu siku ya kwanza tu kwenye swimming puli anasukuma stiki ya remoti yote, pua inainama, chombo kinagonga sakafu.

Jamani shida ni mapezi ya nyuma! Yale ndo yanainamisha chombo, na nguvu yake inapanda haraka, spidi ikiwa mara 2 nguvu inakuwa mara 4, kwa hiyo pembe iliyokuwa poa ukienda taratibu inakuwa balaa ukikimbiza. Mkono wa mtu hauwahi, unarekebisha huku chombo kinapanda na kushuka kama pomboo.

Dawa ni kijibodi cha umeme chenye sensa ya kupima mwinamo, unakichomeka kati ya risiva (inayopokea amri za remoti) na sevo (kimota kinachogeuza) ya mapezi ya nyuma, chenyewe kinarudisha usawa. Ila kijaribuni mezani kwanza: inamisha pua chini, ukingo wa nyuma wa pezi lazima uinuke juu. Ukishuka umeunga kinyume, yangu ilizama hivyohivyo na niliumia sana. Na vipande vya risasi vya kuongeza uzito viwekwe chini kabisa tumboni ili chombo kikae sawa, maana spidi ikiwa ndogo mapezi hayasaidii kitu.

Baharini msipeleke, maji ya chumvi yanakata mawimbi ya redio.

Mhariri, tunaomba mtutengee hata robo ukurasa wa mambo haya.

Msomaji wenu, Kigamboni, Dar es Salaam